Kitambaa cha Manjano Kwenye Kifuniko

Kona ya kushoto ya mkahawa wa Pheng haina sauti tena. Zamani, kila alipomaliza kujaza bakuli, Bee Gaik aligonga upawa kwenye ukingo wa sufuria ili tone la mwisho la supu lirudi lilikotoka, na mlio ule ulipanda ngazi ukanifikia ghorofani kabla ya harufu. Ndio uliokuwa ukiniamsha. Siku hizi naamshwa na pikipiki. Pheng ameipanga kona ile kreti za chupa tupu, na juu ya kreti analala paka wake. Wamekuja watu kuiulizia, wauza wali wa kuku, wauza maandazi ya mvuke, wote amewaambia kwamba ile sehemu ina mtu.

"Mtu gani?" wanauliza, wakimtazama paka.

"Mtu," anasema Pheng, na kurudi kuchuja kahawa yake.

Mtu huyo ni Teoh Bee Gaik, aliyeuza tambi za kamba hapa kwetu kisiwani Penang tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi mpaka zilipoacha kuwa hivyo. Baba yake aliziuza kabla yake, kwa mkokoteni wa kusukuma, na alipokufa aliacha sufuria moja kubwa na binti mmoja, na watu wa mtaa waliona ni jambo la kawaida kwamba vitu hivyo viwili viendelee kukaa pamoja. Aliwahi kuolewa. Mume alikuwa dereva wa lori, akapeleka matunda ya durian Singapore, asirudi. Bee Gaik akiulizwa habari zake alijibu vilevile miaka yote: "Amepotea njia. Barabara ni moja tu, imenyooka, lakini mwenzangu amepotea."

Alikuwa mwembamba, mwenye mikono iliyojaa alama ndogo za kuchomwa na mafuta, kama mtu aliyenyeshewa mvua ya makaa. Hakukaa na wateja. Hakuwahi kuvuta kiti akaketi mezani na mtu, hata alipokuwa hana kazi. Alisimama nyuma ya mvuke wake na kutoka humo alirusha maneno.

"Shangazi, niongezee vitunguu!"

"Mwambie bosi wako akuongezee mshahara kwanza."

Vitunguu hivyo ndivyo vilivyowaleta watu. Supu yake ilikuwa nzuri, vichwa vya kamba na mifupa ya nguruwe, imechemka tangu kabla ya adhana ya alfajiri ya msikiti wa jirani. Lakini kilichokuwa chake peke yake kilikuwa kijiko cha mwisho: vitunguu vidogo vyekundu, vimekatwa vyembamba kama kucha, vimekaangwa katika mafuta ya nguruwe mpaka vimekuwa rangi ya mbao, kisha vikatunzwa humo humo ndani ya mtungi wa kioo. Kijiko kimoja juu ya tambi, na bakuli lote lilibadilika tabia.

Ila mwezi wa tisa wa Kichina kijiko hicho kilihama. Siku tisa za sikukuu ya Miungu Wafalme, nusu ya mtaa huacha nyama na kuvaa nyeupe, na wauza chakula wanaotaka kuwalisha wafungaji husimamisha bendera ndogo ya manjano mbele ya meza zao. Bendera hiyo ni ahadi. Inasema: hapa hakuna damu, hakuna mfupa, hakuna hata harufu yake. Wapo wanaoisimamisha kwa ajili ya biashara tu, wakaosha karai kwa maji ya uvuguvugu na kumwachia Mungu yaliyobaki. Bee Gaik aliwajua mmoja mmoja.

"Karai lako hilo," alimwambia mkaanga tambi wa meza ya pili, watu wote wakisikia, "lina mafuta ya tangu enzi za babu yako. Ukilikwangua kwa kijiko utapata nguruwe mzima, na mkia wake."

Yeye alikuwa na sufuria nyingine, upawa mwingine, mabakuli mengine, vyombo vilivyokaa mwaka mzima ndani ya sanduku chini ya kitanda chake. Vitunguu alivikaanga kwa mafuta ya karanga na kuvitia katika mtungi mwingine, pacha wa ule wa kwanza, na ili asikosee alifunga kitambaa cha manjano kwenye kifuniko chake. Watu walitoka ng'ambo ya maji kuja kula chini ya bendera yake. Alilijua hilo. Nadhani hakuna kitu kingine maishani mwake alichokionea fahari kama kile kitambaa.

Ong Teik Seng hakuwa mfungaji. Alikuwa mzee wa vivuko, aliyetumia ujana wake wote chini kwenye injini, na alipostaafu alihamia kwa Pheng, meza ya chini ya feni, karibu na kona ya Bee Gaik. Alikuwa na ulimi mkali, namaanisha wa kuonja. Bee Gaik akibadilisha duka la pilipili, Teik Seng alimwuliza kabla bakuli halijafika nusu kwa nini amemwacha yule wa zamani. Mboga alizicheka. "Mimi na mboga tunafahamiana kwa sura," alisema. "Majina yao siyajui."

Kisha figo za mkewe, Saw Ean, zikaacha kazi. Mwaka ule, bendera zilipokaribia, Teik Seng alikuja mpaka kwenye sufuria, kofia mkononi.

"Dada Gaik, mwaka huu nafunga nyama."

"Nani? Wewe?"

"Usinicheke. Siku zote tisa. Nimeweka nadhiri kwa ajili ya Saw Ean. Nikifunga safi, bila doa, labda watanisikiliza." Alitazama huku na huku, akapunguza sauti. "Sitakula popote ila kwako. Hawa wengine siwaamini."

Bee Gaik hakumcheka. Alifuta mikono kwenye aproni. "Kula kwangu, Kaka Seng. Ukikuta hata harufu ya dagaa, nikate mkono huu."

Siku iliyotangulia mfungo alikuwa anaosha kila kitu nje, mbele ya mkahawa, kwenye mabeseni. Uchaguzi ulikuwa umemalizika juzi yake tu, na gari la manispaa lilikuwa linapita mtaani kuondoa bendera za vyama, zilizoning'inia kila mahali kama nguo za familia isiyo na aibu. Kijana mmoja wa manispaa, mwenye haraka, aling'oa na ile ya manjano ya Bee Gaik akaitupa garini pamoja na nyingine.

Tulisikia kelele. Tulipotazama, Bee Gaik alikuwa katikati ya barabara, upawa juu, analikimbilia gari.

"We! Teremsha miungu yangu! Unafikiri hawa nao wanagombea?"

Gari likasimama. Kijana wa watu akashuka na kuchakura rundo zima huku mtaa ukimshangilia, mpaka akaipata bendera, akaipangusa kwa mkono wake wa shati na kuitoa kwa mikono miwili, kama anayekabidhi kombe. Hata dereva alikuwa anacheka. Bee Gaik alirudi nayo begani, anahema, na Pheng akampigia saluti. Alikuwa bado anacheka, na bado anajibizana na watu waliokuwa nyuma yake, alipoinama akachukua vifuniko viwili kutoka kwenye beseni, vimelowa, vya ukubwa mmoja, na kuvirudisha kwenye mitungi yake miwili iliyojaa.

Kitambaa kilikuwa kimefungwa kwenye kifuniko. Hakikufungwa kwenye mtungi.

Siku za mwanzo za mfungo hakuna kilichotokea, kwa sababu alikuwa na bakuli kubwa la vitunguu alivyokaanga kwa mafuta ya karanga asubuhi ya kwanza, na alitumia hivyo. Teik Seng alikuja kila mchana kutoka hospitali, amevaa shati jeupe lililokuwa linampwaya, akala tambi na tofu na uyoga bila mzaha wowote. "Anaendeleaje?" Bee Gaik aliuliza. "Leo ameomba kioo na kitana," alisema siku moja, na kwa namna alivyolisema hilo tulijua kwamba ameanza kuamini.

Siku ya maandamano ya hekalu barabara zilifungwa. Machela ya miungu yalipita yakiyumbayumba kama kwamba kweli kulikuwa na mtu mzito ndani, ngoma zilitikisa vikombe kwenye rafu za Pheng, na moshi wa ubani ulikuwa mzito kiasi kwamba macho yalitoka machozi na pua hazikujua tena kazi yake. Mkahawa ulifurika. Watu walikula wamesimama, walikula wakiwa wamechuchumaa kando ya mtaro. Vitunguu vikaisha. Bee Gaik akapeleka mkono chini ya meza, akagusa kitambaa cha manjano, akafungua mtungi.

Teik Seng alikuwa wa kwanza au wa pili kula kutoka mtungi ule. Nilimwona, nilikuwa nyuma yake nangoja nafasi. Alitia tambi mdomoni, akatulia. Kisha akainamia bakuli na kula polepole mpaka mwisho, akaliinua kwa mikono miwili na kunywa supu. Alipoliweka chini alimwamkia Bee Gaik kwa kichwa, akaondoka upande wa hospitali akipita katikati ya watu waliovaa nyeupe, naye mweupe kati yao.

Alasiri mvua ikanyesha. Ilisafisha moshi wote, ikaleta ubaridi ambao kwetu ni nadra, na watu wakaenda makwao. Bee Gaik alikuwa anafungasha. Alichukua mtungi ili afute nje, akaona kwamba chini, penye mafuta yaliyobaki, kumeganda utando mweupe.

Mafuta ya karanga hayagandi hivyo. Hata mtoto wa muuza tambi anajua.

Hakupiga kelele. Pheng anasema alisimama tu, ameushika mtungi kifuani kama anambeba mtoto aliyelala, akatazama ile bendera inayodondosha maji. Halafu akaumwaga mtaroni, akauosha kwa maji ya moto, akauosha tena. Pheng alimwuliza kama anaumwa. Akasema amechoka. Kesho yake alikaanga vitunguu vipya, safi, na kusimama chini ya bendera ileile, na watu wakala.

Alijiambia, kama alivyonieleza baadaye, kwamba waliokula siku ile walikula bila kujua, na asiyejua hana kosa. Na kwamba ikiwa kuna kosa basi ni lake, limwandame yeye. Lilikuwa neno zuri na aliliweka mbele yake kila usiku kama taa. Lakini kila Teik Seng alipoingia mlangoni hakuweza kumtazama usoni. Alimwekea tofu ya ziada.

Saw Ean alifariki bendera zilipokuwa zimeteremshwa tu.

Msiba uliwekwa uchochoroni kwao, chini ya turubai. Tulikwenda sote. Bee Gaik alipeleka maji ya shayiri katika sufuria yake ya mfungo na kukaa nyuma kabisa, karibu na viti vya plastiki vilivyopangwa. Hakuna aliyesema neno juu ya nadhiri. Watu wana adabu. Ni Teik Seng mwenyewe aliyelisema. Alisimama mbele ya picha ya mkewe, akatugeukia, macho yakamtafuta Bee Gaik mpaka yakampata.

"Mimi sina deni," alisema. "Nilifunga siku zote tisa, safi. Nilikula kwa Dada Gaik peke yake, na ninyi mnamjua Dada Gaik. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema nilimwangusha. Siku zake tu zilikuwa zimefika. Si hivyo, Dada Gaik?"

Turubai zima likageuka kumtazama.

"Safi," alisema Bee Gaik. "Ulifunga safi."

Tangu siku hiyo alifungwa. Maana kabla ya hapo alikuwa na kosa tu, na kosa mtu anaweza kulisema. Sasa lilikuwa limekuwa mto ambao mwenzake ameegemezea kichwa. Auvute? Asubuhi Teik Seng alikuja, akaketi chini ya feni yake, akala tambi za nyama kama zamani, na wageni wakikaa karibu aliwasimulia: huyu mama ndiye aliyenilisha nilipofunga kwa ajili ya mke wangu. Sifa zikaenea. Bee Gaik alizisikia akiwa nyuma ya mvuke, na mlio wa upawa ukawa mdogo, siku hadi siku, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyotaka ifunguliwe. Maneno nayo yalipungua. "Shangazi, ongeza vitunguu," walisema, akaongeza.

Mwaka ukazunguka. Mwezi wa tisa ulipokaribia tena, alikuja mzee mmoja wa kamati ya hekalu, amevaa saa kubwa, akaleta machungwa. Walikuwa wanamtaka Bee Gaik asimamie jiko la hekalu siku zote za mfungo, alishe maelfu. Kwa muuza tambi hakuna heshima kubwa kuliko hiyo.

"Jina lako limeletwa na Mzee Ong Teik Seng," alisema, akitabasamu. "Alitueleza habari zako, kamati nzima ikanyamaza. Usikatae, dada."

Bee Gaik alisema atafikiri. Alipokea machungwa na hakuyala. Yalikaa mezani kwake mpaka yakanyauka.

Siku chache baadaye, alasiri, Pheng alikuwa anapandisha viti juu ya meza na mimi nilikuwa meza ya nyuma nangoja jua lipungue. Teik Seng alikuwa amebaki na kikombe chake. Bee Gaik alitoka kwenye kona yake, akavuta kiti, akakaa mbele yake. Pheng alisimama na kiti mkononi. Hatukuwahi kumwona akifanya hivyo.

"Kaka Seng, hekaluni waambie wamtafute mwingine."

"Kwa nini? Nimewaambia ukweli."

"Si ukweli." Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Siku ya maandamano nilikupa mafuta ya nguruwe. Vifuniko vilibadilishana. Niligundua jioni, baada ya mvua. Sikukwambia. Na pale msibani uliponiuliza, nikasema safi. Nilijua, nikasema safi."

Feni ilizunguka. Teik Seng alikigeuza kikombe kwenye kisahani chake, mkono wa kikombe ukamfikia, akakigeuza tena.

"Dada Gaik," alisema hatimaye, "mimi nimekula tambi zako miaka yote hii kwa ulimi wa nani?"

Bee Gaik aliuachia ukingo wa meza.

"Nilijua kabla sijameza."

"Ukala?"

"Watu walijaa. Bendera yako iko juu ya kichwa changu. Ningefanya nini, niteme mbele ya mtaa mzima? Nikuvue nguo?" Alisukuma kikombe pembeni. "Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ilinifikisha mpaka nusu ya bakuli. Halafu nikanywa supu. Uliniona. Mtu anayemsitiri mwenzake hanywi supu yote. Nilikuwa na njaa ya ile ladha, basi. Siku nyingi za uyoga, mke wangu yuko kule na mirija mwilini, na mimi nikafurahi. Mdomo wangu ulifurahi."

"Sasa pale msibani..."

"Pale msibani nilitaka mtu mmoja aseme nilikuwa safi. Ningemwuliza nani? Nilijua wewe hutabisha. Bendera ilikuwa yako." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Nilidhani hujui. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua, nikakutumia."

Nilitegemea kwamba mmoja wao atacheka, au atalia, au atanyoosha mkono. Ingekuwa rahisi kwetu sote. Pheng aliweka kile kiti juu ya meza, taratibu sana. Wale wawili waliendelea kukaa, kila mmoja akimtazama mwenzake kama mtu aliyefika kwenye nyumba aliyotarajia kulala, akakuta mwenye nyumba naye yuko nje anatafuta pa kulala.

"Sikukati ule mkono," alisema Teik Seng.

"Najua."

"Usiniwekee tena tofu ya ziada."

Bee Gaik aliinuka, akarudisha kiti mahali pake, akaenda kuzima moto. Mimi ndiye niliyemsaidia kubeba sufuria siku alipohama, kabla bendera hazijapandishwa, na ni kwenye ngazi za kwake, tumeketi juu ya lile sanduku la vyombo vya mfungo, aliponieleza yale ambayo sikuyaona kwa macho yangu. Kwa kamati ya hekalu alisema mikono inamuuma. Kitambaa cha manjano alikitia mfukoni. Ile mitungi miwili alimwachia Pheng, ambaye haitumii na haitupi.

Teik Seng bado anakuja. Anaagiza kahawa nyeusi, hali kitu, na amehamisha kiti chake kiangalie ukutani, kwa hiyo kreti ziko nyuma yake. Mwezi wa tisa hasemi kama anafunga au hafungi, na hakuna anayemwuliza.

Bee Gaik yuko Bukit Mertajam, ng'ambo ya maji, ghorofa ya nne, kwa mpwa wake. Siku za mfungo huenda jikoni kwenye hekalu la huko kukata kabichi. Wamemwambia mara nyingi asogee kwenye moto, awasaidie kukaanga. Anasema hapo alipo panamtosha.